Mrejesho: hatua halali nyingi zaidi kwa zamu moja kwenye sataranji ni 218

Wadau, niliuliza mchezaji anaweza kuwa na hatua halali ngapi kwa zamu moja. Mimi nilidhani 150 hivi. Jibu ni 218, kwenye mpango wa kete aliouchora Nenad Petrović, mtunzi wa mafumbo ya sataranji, mwaka 1964.

Jana nimeupanga mezani. Askari wote wanane wa mweupe wameshageuka malkia, jumla malkia tisa! Vizibo vya soda vilinisaidia kama malkia wa ziada. Mfalme mweusi amebanwa kwenye mraba wa a1 (herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo), akiwa na askari wake wawili tu, a2 na b2. Malkia wa e5 peke yake nimemhesabia hatua 25, na mojawapo ni kumla huyo wa b2. Mwanzo wa mchezo una 20 tu kwa jeshi zima.

Ahsanteni, hasa aliyenitajia 218.