Mafundi wa huku Nyanda za Juu, acheni kufunga tyubu kwenye mipira ya rejeta!

Wakuu, huu mchezo wa kuviringisha tyubu ya baiskeli kwenye mpira wa rejeta uliopasuka (ule unaopitisha maji kati ya injini na rejeta), kupaka silikoni juu na kumwambia mteja "imepona hiyo bosi" unaua injini za watu. Gari likishapita kilomita 250,000 kwa mipira ileile, mipira huozea ndani. Kwa nje unauona mzima, ukiubonyeza karibu na klipu unabonyea kama mkate uliolowa. Huo hauna dawa, ni wa kutupa. Tyubu itavumilia mizunguko ya mjini Iringa. Gari likipanda mlima wa Kitonga na mzigo, presha inaongezeka, tyubu inaachia, watu wanakwama katikati ya malori.

Wengine wanakata ncha iliyooza, wanauvuta mpira uliobaki hadi ufike. Injini hucheza kila unapoondoka, mpira uliovutwa hivyo lazima uchomoke!

Kazi yenyewe si ngumu. Injini ipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko na kumwaga maji. Usichokonoe mpira wa zamani kwa bisibisi. Shingo ya rejeta nyingi ni plastiki, ukiivunja umemuuzia mteja rejeta nzima. Uchane kwa kisu kwa urefu, uubandue. Upande wa injini shingo ni aluminiamu, huota unga mweupe. Usugue kwa msasa laini hadi uishe, maana hapo ndipo maji hupenya hata mpira ukiwa mpya. Lainisha kwa maji tu. Oili na grisi huvimbisha mpira. Sukuma mpira mpya upite tuta la shingo (ule ukingo ulioinuka karibu na mdomo wake), klipu ikae nyuma ya tuta, si juu yake.

Na klipu za springi zilizokuja na gari mnazitupia nini? Zinabana zenyewe mpira ukisinyaa. Za kukaza kwa bisibisi zinataka kukazwa tena injini ikishapata moto na kupoa, la sivyo asubuhi ya baridi ya Makambako gari linadondosha matone, mchana limekauka, na fundi anasema halivuji.

Halafu nani aliwatuma kung'oa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto? Injini inakaa baridi, inakula mafuta, hita haipashi. Mbeya tupo kwenye mita 1,700 hivi, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia ni presha ya mfuniko, nyie mnafunga mfuniko wowote ulioingia! Kama wa zamani umeandikwa 1.1 (presha yake kwa bar), nunua 1.1. Mpira wa juu ukinywea gari likipoa, vali ya mfuniko imekwama.

Jaza kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, si ya bomba. Pua ya gari iinuke, hita iwe kwenye moto, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, minyaminya mpira wa juu mapovu yaishe, funga, subiri feni iwake na kuzima. Na mipira midogo ya hita iliyojificha nyuma ya injini ikaguliwe siku hiyohiyo, umri wake ni uleule.