Jaketi la A-2 limechanika kiwikoni: kiraka na kulinganisha rangi

NgoziWete
Assalam alaykum. Nna jaketi la marubani wa Kimarekani, A-2, ngozi ya farasi, kahawia iliyokoza. Kiwiko cha kulia kimechanika umbo la L, kama sentimita 6, kingo zimejikunja. Mabegani rangi imepauka, na pahala pamoja mwenyewe alishapaka dawa ya viatu nyeusi. Kola ina kuvu, limekaa kabatini masika nzima. Rangi ninazo za akriliki za ngozi: nyeusi, nyekundu ya udongo, manjano ya udongo na nyeupe. Nipake zima au niguse palipoharibika tu? Na mbona kila nikichanganya inatoka kijanikijani?

FundiMkunazini
Waalaykum salaam. Zima usilipake. A-2 zilianza kutumika jeshini mwaka 1931, na mtu anayelitaka leo anautaka huo uchakavu wake. Ukilifunika lote umelipunguzia thamani.

Kuvu kwanza. Liswaki nje kwa brashi laini, kisha pangusa kwa spiriti na maji, nusu kwa nusu, kitambaa kikiwa kimekamuliwa sana. Jaribu chini ya kola kabla, maana spiriti huweza kuondoka na rangi. Maji ya kisima yana chumvi, tumia yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri (maji, siyo asidi!). Anika kivulini penye upepo.

Kabla ya gundi, pitisha kidole ndani ya mpasuko. Kikitoka na unga mwekundu, ngozi yenyewe inaoza na haitoshika kiraka. Simama hapo utuambie. Ikiwa haitoi unga, fumua mshono wa bitana karibu na kifundo cha mkono, sentimita 12 hivi. Bitana usiikate. Kiraka kiwe cha ngozi laini ya milimita 0.6 au kitambaa cha pamba kisichonyumbuka, kizidi mpasuko kwa sentimita 2 kila upande, pembe uziviringe na kingo uzichonge ziwe nyembamba. Pembe kali ndiyo inayotokeza alama juu baada ya miezi.

Kingo zilizojikunja zitie unyevu kidogo kwa kitambaa, zilaze, ziache zikauke. Gundi ya fundi viatu paka nyembamba pande zote mbili, ngoja mpaka isishike kidole, ndipo ukutanishe kingo bila kupandana. Weka uzito bapa usiku kucha. Gundi ya tone, ile inayokauka papo hapo, hapana: inakuwa kama kioo, na kiwiko kikikunjwa ngozi inachanika pembeni yake. Tena gundi yoyote iliyomwagikia juu isuguliwe yote, rangi haishiki hapo.

Ufa uliobaki ujaze kwa kijazio laini cha ngozi, tabaka jembambajembamba, kila moja likauke, kisha msasa namba 600. Ukijaza mara moja kitabonyea katikati.

MtuWaChake
Kazi yote hiyo ya nini? Rangi ya viatu ya spiriti, jaketi zima, siku moja limekwisha.

BintiRangi
Ile inapenya palipopauka na haiingii penye ganda la rangi ya zamani, kwa hiyo utapata mabaka. Tena jasho likiipata inahamia kwenye shati.

NgoziWete, ukijani unatokana na nyeusi kukutana na manjano. Anza na nyekundu ya udongo sehemu 5 kwa manjano 3, upate kahawia angavu kwanza. Nyeusi itie mwisho, kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikirudi kijani, ongeza nyekundu. Nyeupe iache, inaleta weupe wa chokaa. Akriliki ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko ikikauka, kwa hiyo tone la majaribio liweke chini ya kifuniko cha mfuko, likaushe kwa mashine ya nywele kwa joto la chini, ndipo uhukumu. Uhukumu huo uwe nje, kivulini, saa nne asubuhi. Rangi iliyolingana chini ya taa ya dukani inaweza kukukana barazani.

Jambo jingine: jaketi hizi hazina rangi moja. Baadhi zilitoka kiwandani na wekundu wa kahawia, zikaja kupakwa kahawia iliyokoza wakati wa vita. Tazama penye mikunjo na mishono: ukiona wekundu chini, anza nao kwenye kiraka, ukauke, kisha ipake ile iliyokoza kwa kugusagusa na sponji karibu kavu. Tabaka 4 nyembamba zinatosha, ukizififisha kuelekea pembeni. Kileleni mwa kiwiko ifute kidogo ingali mbichi, wekundu uchungulie kama kiwiko cha pili. Malizia kwa tabaka mbili za kinga isiyong'aa. Masika haya akriliki inakawia. Ukipaka juu ya tabaka lenye unyevu itabaki inanata.

NgoziWete
Ahsanteni. Unga hakuna. Na ile dawa nyeusi ya begani?

BintiRangi
Ina nta, akriliki itabanduka juu yake. Itoe kwa pamba na tapentaini kidogo, usisugue, badilisha pamba mpaka itoke safi. Ngoja siku nzima. Halafu dondoshea tone la maji: likinywewa, nta imetoka na pale hapana ganda, kwa hiyo tabaka la kwanza lizimue kwa maji, nusu kwa nusu. Likisimama juu, ama nta imebaki ama ganda la zamani bado zima. Rudia pamba mara moja; likisimama tena ni ganda, lipitishie msasa namba 600 kidogo tu kabla ya rangi.