Petali kubwa kwa mtindo wa Georgia O'Keeffe: rangi zinachafuka na nyufa zinatokea

Turubai_Nyeupe: Habari wakuu. Nachora ua moja la rangi za mafuta kwenye turubai ya sm 90 kwa 75, kwa mtindo wa O'Keeffe, yule mchoraji wa Marekani: petali zimekuzwa hadi inabaki mikunjo na mikondo ya rangi tu. Nyekundu ikikutana na kivuli cha kijani inageuka kahawia chafu. Pia sehemu nyeupe zimeanza nyufa nyembamba. Safu ya kwanza ina mafuta ya kitani mengi, nyeupe niliyotumia ni ya zinki. Nifanyeje?

Paleti_Safi: Nyekundu na kijani zikichanganyika mbichi zinauana, na ukizidi kusugua unazidisha tope. Andaa toni tano kwenye paleti, kutoka nyekundu safi hadi kivuli, kijani kiingie kwenye mbili za mwisho tu. Zipake kwa mikanda ya sm 2 hivi, zigusane bila kupandana. Kisha chukua brashi pana, laini, kavu, uipitishe juu ya mpaka kama unayepangusa vumbi, ukifuata mkunjo wa petali. Ifute kwa kitambaa kila baada ya mpapaso mmoja au miwili. Anzia kwenye mwanga uelekee gizani. Brashi iliyotoka gizani isirudi. O'Keeffe alitenga brashi kwa kila rangi, na ndiyo maana weupe wake haujachafuka. Kama michirizi ya brashi bado inaonekana, turubai ni ya nyuzi nene: paka jeso (rangi nyeupe ya msingi inayotangulia kwenye turubai) safu tatu, na msasa laini kila safu ikikauka.

Mafuta_Juu: Nyufa ni suala jingine. Rangi ya mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni. Safu ya chini yenye mafuta mengi huendelea kujongea wakati ya juu imeshakaza, basi ya juu inapasuka. Chini weka rangi na tapentaini kidogo, katikati kama inavyotoka kwenye tyubu, mafuta ya ziada yaje mwisho, tena matone tu. Zinki iache kabisa kwenye safu kubwa: ikizeeka ndani ya mafuta inakuwa rahisi kuvunjika na kubanduka. Tumia nyeupe ya titani. Hata baadhi ya kazi za O'Keeffe zimeota vivimbe vidogo, kwa sababu madini ya rangi huungana na asidi za mafuta na kufanya sabuni ndani ya safu.

Mnanaha: Naongeza upande wa mpangilio, kwa sababu kukuza ua peke yake hakutoshi. Tazama mchoro wa O'Keeffe, Black Iris ya 1926: hakuna chombo wala meza. Jimson Weed/White Flower No. 1 ya 1932, iliyouzwa mnadani 2014 kwa dola milioni 44.4, ni ua la mnanaha kwenye turubai ya sm 122 kwa 102, na weupe wake una kijani hafifu na kijivu ndani yake. Kata dirisha la sm 6 kwa 5 kwenye kadi, uwiano wa turubai yako, ulisogeze juu ya ua mpaka petali zikatwe pande tatu. Hapo ndipo umbo linaanza kujitegemea.

Turubai_Nyeupe: Shukrani wakuu. Safu ya chini bado inabonyea kwa ukucha. Nipake titani juu ya nyufa?

Mafuta_Juu: Hapana, zitarudi. Kama inabonyea, kwangua sehemu hizo kwa kisu cha paleti hadi kwenye jeso, futa kwa tapentaini, acha ikauke, uanze upya na safu nyembamba.