Mjadala: Je, sehemu ya ardhioevu ya Bahi itengwe kwa ajili ya watazamaji wa ndege?

Mtoa hoja: Wapo wanaopendekeza kwamba, kwa kuwa Dodoma imekuwa jiji tangu 2018, sehemu ya ardhioevu ya Bahi, iliyo magharibi mwa jiji, itengwe iwe hifadhi ndogo ya kutazama ndege. Naunga mkono, ila kwa sharti ambalo sijasikia likitajwa: kabla ya kujenga mnara wa kutazamia, tukubaliane kwanza kuhusu sumu ya kuulia kwelea kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka.

Mto Bubu huishia Bahi, na kwa kuwa bonde hilo halina njia ya kupeleka maji baharini, maji hutanda wakati wa mvua na kunywea kiangazi. Maji hayo ndiyo yanayowaleta korongo, yangeyange na bata. Ndiyo pia yanayostawisha mpunga, na mpunga ndio unaowaita kwelea. Kwelea mmoja, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, anaweza kula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linaweza kumaliza tani 10. Dawa inayotegemewa ni fenthioni, inayonyunyiziwa kutoka angani juu ya matete na vichaka wanamolala. Mwewe, bundi na korongo wanaookota kwelea waliolegea hufa pamoja nao, na hao ndio tunaotaka mgeni aje kuwatazama kwa darubini.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa hoja, kwa heshima zote, hayo ni maneno ya mtu anayenunua mchele dukani. Mpunga unapoanza kujaza punje, familia nzima huhamia kwenye majaruba kuamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi, na watoto hukosa shule. Sumu ikizuiwa, nani atanifidia? Kiingilio cha mtalii hakifiki kwenye jaruba langu.

Mtoa hoja: Ndugu yangu, suala la fidia ni la haki, na liandikwe kwenye makubaliano kabla ya hifadhi kutangazwa. Hata hivyo, sikusema kwelea waachwe. Jirani zetu wa Kondoa wamekuwa wakiwatega kwa kitoweo tangu zamani. Kwelea aliyenaswa huliwa, aliyenyunyiziwa sumu ni hatari kwa mlaji. Mitego haiwezi kumaliza kundi la mamilioni, kwa hiyo siombi marufuku ya mkoa mzima, bali kwamba ndani ya eneo litakalotengwa nyavu zitangulie, na sumu ikae mbali na maji.

Mchangiaji wa pili: Nyote wawili mnazungumza kana kwamba mpaka unajulikana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, lakini ukingo wa Bahi wa Machi si ule wa Oktoba, na palipokuwa na maji mwaka huu mwakani panaweza kulimwa. Kabla ya nyavu na fidia, ningependa kusikia kutoka kwa wenye mashamba: mita hizo 60 zihesabiwe kuanzia wapi?