Mjadala: Je, nyumba za kale za maduka katikati ya Dar es Salaam zilindwe, au zipishe maghorofa?

Ndugu wachangiaji,

Swali lililo mbele yetu linahusu nyumba za kale za ghorofa moja au mbili zilizobaki katika mitaa ya maduka ya Uhindini, kuanzia Mtaa wa India na Mtaa wa Jamhuri hadi Kisutu: je, zilindwe kwa sheria, au wenye viwanja waachwe wazivunje na kupandisha maghorofa? Waliotangulia kuunga mkono uvunjaji wametoa hoja tatu. Wamesema kwamba nyumba hizo ni chakavu na ni hatari, kwamba ardhi ya katikati ya jiji ni ghali mno kukaliwa na duka moja na familia moja, na kwamba historia ya mji huu iko Boma la Kale, kwenye makanisa ya bandarini na Hospitali ya Ocean Road, wala haiko kwenye maduka ya nguo. Naanza na hii ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Nichukue nyumba moja ninayoifahamu, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa. Anayepita barabarani ataona fremu mbili za biashara zenye vioo vya alumini, na juu yake roshani ya zege yenye kona za mviringo. Upande wa uchochoro lipu imebanduka, na hapo yanaonekana matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mengine yakiwa na michirizi iliyopindapinda vilevile kama yalivyotolewa baharini. Ukiingia hadi uani utakuta vyumba virefu na vyembamba, ambavyo upana wake haufiki mita tatu. Mjenzi hakuwa na uchoyo wa nafasi. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa kuliko huo bila kupinda, kwa hiyo kipimo cha chumba kiliamuliwa na mti. Chumba cha mbele, kinachotazama mtaa, ni kipana karibu maradufu, kwa kuwa kilijengwa upya wakati zege na nondo zilipokwisha kuzoeleka. Vivuli vya zege juu ya madirisha na mlingoti wa bendera katikati ya ukingo wa paa ni mtindo ulioenea mitaa hii katika miaka ya 1930, wakati wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati na Kachi walipopenda kuandika jina la ukoo na mwaka wa ujenzi kwenye lipu ya juu kabisa. Hizo ni enzi mbili za ujenzi zilizotenganishwa na ukuta mmoja, na mtu anaweza kuzipima kwa hatua za miguu yake.

Hata mahali iliposimama nyumba hiyo pana maelezo yake. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya majengo, yaani majengo ya Kizungu upande mmoja, nyumba imara za mawe upande mwingine, na nyumba za udongo na makuti mbali zaidi. Waingereza waliuendeleza mgawanyo huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Wafanyabiashara waliobanwa katika eneo dogo walijenga kwenda juu: duka chini, familia juu, ghala na jiko uani. Kisha mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya ofisi ya Msajili wa Majumba, ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na katika ngazi zilezile za mbao wakapanda wapangaji wapya. Anayesema kwamba nyumba kama hii haina historia, namwomba aniambie ni wapi pengine katika jiji hili atakapoona ubaguzi wa kikoloni, biashara ya pwani na Azimio la Arusha chini ya paa moja.

Sasa nije kwenye sheria, ambako ndiko lilipo tatizo lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lakini Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale lenyewe lilijengwa kati ya 1866 na 1867. Maana yake ni kwamba takriban Dar es Salaam yote imeachwa nje ya mstari, na kila jengo linalostahili kulindwa linasubiri Waziri alitangaze. Sheria hiyohiyo inautaja mlango wa mbao ulionakshiwa kabla ya mwaka 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Kwa hiyo mlango wenye mfaa (ubao wa katikati) na miimo yake (mbao za pembeni) unaweza kuwa na ulinzi ambao ukuta unaoushikilia hauna, na mkandarasi akiung'oa mlango huo kwa utaratibu na kuuhifadhi, sheria itakuwa imetimizwa huku nyumba ikiwa kifusi.

Kuhusu hatari, sikatai kwamba ipo. Roshani ambayo nondo zake zimeliwa na kutu lazima itegemezwe au iondolewe. Hata hivyo, jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa ghorofa jipya, bado linajengwa. Ukuta wa matumbawe na chokaa huharibika kwa sababu zinazojulikana: mifereji ya paa ikiziba, maji huozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, na fundi akiziba nyufa kwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia ya kutokea. Tiba yake ni mifereji mizima, lipu ya chokaa na boriti mpya.

Hoja ya ardhi ndiyo nzito kuliko zote, na ninamheshimu mchangiaji aliyeeleza kwamba familia yake ina nyumba kama hiyo na kwamba kodi ya fremu mbili haitoshi hata kubadilisha bati. Tukimwambia mtu wa namna hiyo ahifadhi urithi wa taifa kwa fedha zake mwenyewe, tunamwonea. Wala mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliopewa mamlaka yake ya uhifadhi mwaka 1985 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, haututoshi, kwa sababu kule watalii huja kuitazama mitaa yenyewe, na hapa mitaa inaishi kwa biashara ya jumla na rejareja.

Ninachopendekeza ni kwamba Waziri atangaze vipande vya mitaa badala ya jengo mojamoja, na kwamba katika vipande hivyo kinachobaki kwa lazima kiwe sehemu ya mbele, yaani fremu, roshani na chumba cha kwanza nyuma yake. Upande wa uani mwenye kiwanja apewe kibali cha kupandisha ghorofa lililorudi nyuma ya mstari wa mtaa, na asamehewe kodi ya jengo kwa muda wote anaoitunza sehemu ya mbele. Najua vyumba vya boriti vya uani vitapotea kwa mpango huu, na jambo hilo linaniuma, kwa kuwa ndivyo vya zamani zaidi. Ndiyo maana nataka vipimwe na kuchorwa kabla ya nyundo ya kwanza.

Ndugu yangu mwenye nyumba, ungepewa kibali hicho na msamaha huo, bado ungevunja chumba cha mbele? Na kama jibu ni ndiyo, ni kitu gani kingine kinachokosekana?