Kampuni ikinusuriwa kwa kodi zetu, kwa nini isamehewe kodi tena?

Zuhura23

Wakuu, habari zenu. Nina miaka 23 na huu ndio mwaka wangu wa kwanza kukatwa kodi ya mapato. Kukatwa sikupingi hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba mjadala wa mageuzi ya kodi huwa wa viwango tu, na mjadala wa serikali kunusuru kampuni unawekwa mbali nao, kama vile fedha zinatoka mifuko miwili. Mfuko ni mmoja.

Chukueni General Motors (GM), kampuni ya magari. Serikali ya Marekani iliweka pale karibu dola bilioni 50, ikapewa hisa, na ilipouza za mwisho Desemba 2013 ilikuwa imepoteza zaidi ya bilioni 10. Hiyo wengi wanaijua. Kuna ya pili. Sheria ya kule inairuhusu kampuni ibebe hasara ya mwaka huu na kuitoa kwenye faida ya miaka ijayo, ili kodi ipungue. Kampuni ikipata wamiliki wapya haki hiyo hubanwa, maana bila hivyo watu wangenunua kampuni zilizokufa kwa ajili ya hasara zake tu. Basi serikali ilipoingia kama mmiliki, Wizara ya Fedha ilitoa ilani kwamba umiliki wake usihesabiwe. GM mpya ikarithi hasara za ile ya zamani. AIG, kampuni ya bima, nayo ikanufaika hivyo hivyo: robo ya mwisho ya 2011 ilitangaza faida ya karibu dola bilioni 20, na zaidi ya bilioni 17 kati ya hizo zilikuwa nafuu ya kodi. Bima haikuuzwa hapo.

Mimi nikikaa mwaka mzima bila kazi, nikiajiriwa nakatwa tangu mshahara wa kwanza. Hati yangu ya mshahara haina mstari wa hasara za mwaka jana.

Pendekezo langu: anayepokea fedha za umma aiweke kando haki hiyo mpaka arudishe senti ya mwisho. Mnaonaje?

LejaKuu

Mdogo wangu, hoja nzuri ila ina tundu. Kubeba hasara mbele si upendeleo. Kampuni iliyopoteza mia mwaka huu na kupata mia mwakani haijapata kitu. Ukiitoza kwa ile mia ya pili unatoza hewa. Halafu ukiiondolea GM nafuu hiyo, thamani yake inashuka, na mwenye hisa nyingi ni nani? Serikali hiyo hiyo. Utapata kwenye kodi utakachokosa kwenye hisa.

Amana_Kwanza

Mimi nawakumbusha tu Septemba 2008. Lehman Brothers, benki ya Marekani, iliachwa ifilisike tarehe 15. Kesho yake AIG ikapewa mkopo wa dola bilioni 85, kwa sababu hofu ilikwisha kusambaa. Wakati nyumba inaungua hakuna anayesoma vifungu vya kodi.

Zuhura23

@LejaKuu asante kaka, ila hesabu yako ingetimia kama serikali ingemiliki hisa zote. Ilikuwa na kama asilimia 61. Zilizobaki zilikuwa za serikali ya Kanada, mfuko wa afya wa wastaafu wa chama cha wafanyakazi, na waliokuwa wakiidai kampuni. Kwa hiyo karibu shilingi nne katika kila kumi za nafuu ile zilikwenda kwa wengine, na zilipitia kwenye ilani ya wizara. Bunge halikupiga kura juu yake. Mimi hilo silikubali hata kidogo.

@Amana_Kwanza, sisemi benki ziachwe zife. Sweden mwaka 1992 serikali iliichukua Gota Bank na wenye hisa wakatoka mikono mitupu. Walioweka akiba hawakupoteza. Ayalandi ilifanya kinyume: ikazidhamini benki Septemba 2008, na kuziokoa kukagharimu euro bilioni 64. Mwaka 2011 ikaanzisha tozo mpya ya jumla juu ya mapato, na Januari 2012 kodi ya ongezeko la thamani ikapanda kutoka asilimia 21 hadi 23. Mfikirie aliyeanza kazi Dublin mwaka ule. Mikopo mibovu iliyoziangusha benki ilitolewa yeye akiwa shuleni, na tozo anaikuta kwenye mshahara wake wa kwanza. Ipo mpaka leo.

MamaFaili

Zuhura mwanangu, unachokidai kimewahi kujaribiwa nusu. Uingereza iliamua kwamba kuanzia Aprili 2015 benki zisifute zaidi ya nusu ya faida ya mwaka kwa hasara za zamani, na Aprili 2016 ikashusha hadi robo. Benki hazikuanguka kwa hilo. Kasoro ni mbili: iliwabana hata ambao hawakunusuriwa, na ilikuja miaka saba baada ya fedha kutoka. Amana_Kwanza ana haki kuhusu moto. Bunge la Wawakilishi la Marekani liliukataa mpango wa dola bilioni 700 wa kunusuru benki tarehe 29 Septemba 2008, na kufikia tarehe 3 Oktoba ukawa sheria. Siku nne hizo hakuna aliyepata nafasi ya kujadili hasara za kubeba. Sharti lako liandikwe sasa, kwenye sheria ya kodi yenyewe, wakati hakuna anayeomba kitu.

LejaKuu

Kwa mpangilio huo, na likiwahusu walionusuriwa peke yao, naliunga mkono. Lakini ukomo uwekwe: hasara za kabla ya kunusuriwa zibanwe, za baada yake ziachwe.

Zuhura23

Hapo tumekubaliana, kaka. Za baada ziachwe.