Naombeni ushauri: simulizi yangu ya mapenzi imefika sehemu ya 19 na nimekwama kwenye "kumbe ni ndugu"

Mama Tunu
Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo yenu, maana wasomaji wananidai sehemu ya 19 tangu juzi na mimi hata mstari mmoja sina.

Naandika simulizi za mapenzi, natuma kila Jumatatu na Alhamisi kwenye kundi la WhatsApp. Hii ya sasa inamhusu Salha, binti wa Pangani anayepika vitumbua na mama yake, na Idrisa, kijana anayekata tiketi kwenye kivuko cha kwenda Bweni. Walianza kwa salamu tu. Salha anavuka kila asubuhi na ndoo yake, Idrisa anamsaidia kuishusha. Siku moja Idrisa akakuta kitumbua kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya daftari, kimewekwa juu ya meza yake ya tiketi, bado cha moto. Sehemu ya 18 imeishia posa imekubaliwa na mama yake Idrisa yuko njiani kuja kumwona mkwe kwa mara ya kwanza.

Mpango wangu tangu mwanzo ulikuwa huu: mama akimtia Salha machoni anaanguka, akizinduka anasema hawa ni watoto wa baba mmoja. Nilikuwa naupenda sana mpango huo. Nikampa dada yangu rasimu ya mpango huo asome. Alikuwa anachambua mchele. Akaishika simu kwa vidole viwili, akasoma yote, akanirudishia, akaendelea na ungo wake. Nikamuuliza vipi? Akasema, "Nilijua tangu sehemu ya nne. Baba akifa kabla hadithi haijaanza, lazima ana mtoto mahali."

Tangu siku hiyo sina usingizi mzuri. Naomba kujua: nyinyi wasomaji mnapenda hadithi igeuke vipi? Na ni wahusika gani mkikutana nao hamwezi kuiweka simu chini?

Mtoto wa Ngamiani
Dada, usitufanyie hivyo. "Kumbe ni ndugu" tumeisoma kwenye magazeti ya simulizi, tukaiona kwenye sinema zetu, sasa hivi iko kwenye kila chombezo. Mimi nikiona tu mhusika ana alama ya kuzaliwa begani, nafunga.

Na tafadhali Idrisa asije kugeuka mtoto wa tajiri. Nimempenda akiwa mkata tiketi. Ukimpa V8 na mjengo wa Mbezi Beach utakuwa umemuua.

Dada wa Maabara
Nasoma kimya kimya kundini kwako Mama Tunu, leo naongea. Nakuomba ukiamua kwenda na habari ya damu, usiweke kipimo cha DNA kinachofanyika zahanati asubuhi na majibu yakatoka jioni. Inaniumiza kila nikikutana nayo. Kwa Tanzania vipimo hivi vinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na huwezi kujiendea tu na unywele wa mtu kwenye bahasha. Ombi linapitia mahakamani, kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa wakili, watu wa namna hiyo.

Fikiria lakini hiyo safari yenyewe ilivyo na hadithi ndani yake. Binti amekaa kwenye benchi la ustawi wa jamii, anatakiwa aeleze kwa mtu asiyemjua kwa nini anataka kupimwa yeye na mchumba wake. Hapo ndipo pa kuandika. Majibu yenyewe ni karatasi moja.

Kuna njia nyepesi zaidi, ya makundi ya damu. Wazazi wote wawili wakiwa kundi O hawazai mtoto wa AB. Mtu anakwenda kumchangia mama yake damu, anatoka na swali ambalo hakwenda nalo.

Mzee Kitabu
Mwanangu Mama Tunu, hongera kwa kazi. Mimi ni msomaji wa zamani, nitakupa ninachokipenda na sababu yake.

Chukua *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Kazija anawapanga Bwana Maksuudi na mwanawe Mussa wakutane nyumbani kwake, baba na mtoto, kila mmoja akiwa amekuja kwa jambo lilelile. Hakuna siri ya kuzaliwa pale. Kazija anazijua tabia zao tu, akaiacha tabia ifanye kazi. Ukishaifahamu nyumba ya Maksuudi, jinsi anavyomfungia binti yake ndani kwa jina la heshima huku yeye mwenyewe akitoka usiku, unaona kabisa kwamba jambo hili lilikuwa linakuja.

Ya pili ni *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, 1999. Ambaye hajaisoma aruke aya hii. Yasmin ameozwa angali mdogo kwa mwanamume wa umri wa baba yake, anakimbia, anampenda Denge. Sisi wasomaji tunamshangilia Denge, maana ni jasiri, anapambana na wakoloni. Lakini anayekuja kuwa mume wake ni Bukheti. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikaona kwamba Denge moyo wake ulishachukuliwa na kazi ile kabla ya Yasmin, na mwandishi hakunificha hata siku moja. Niliyekuwa sitaki kuona ni mimi.

Hadithi ikigeuka namna hiyo, narudi ukurasa wa kwanza kwa hiari yangu. Ikigeuka kwa mama kuanguka na kuzinduka na siri mdomoni, sina haja ya kurudi.

Konda Mstaafu
Mimi kwa wahusika. Shoga msaliti nimemchoka. Mama mkwe mkali nimemchoka pia, hasa yule ambaye ukali wake hauna chanzo. Mganga wa kienyeji ndiyo kabisa.

Ninayempenda na simwoni mara kwa mara ni mshenga. Huyu mtu anabeba barua ya posa ya mwenzake, anaingia nyumba ya watu na maneno mazuri ambayo si yake, anajadili mahari kwa niaba ya mtu. Nipe mshenga ambaye amekwenda mara tatu, na mara ya tatu anagundua anatafuta sababu ya kwenda ya nne. Hasemi chochote. Anaendelea kumsemea rafiki yake vizuri kuliko rafiki mwenyewe angeweza, na binti anayapenda maneno. Sasa amempenda nani?

Mtoto wa Ngamiani
Konda hiyo iandike wewe mwenyewe, nitalipia.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Assalaam aleykum wanangu. Mama Tunu, umeiweka hadithi yako Pangani, kwa Waislamu wa pwani, halafu unahangaika na damu. Mbona hujatazama ziwa?

Watu wawili wakinyonya kwa mwanamke mmoja wanakuwa ndugu wa kunyonya, na hawaoani, kama ndugu wa tumbo. Si lazima wawe wamenyonya wakati mmoja. Mtoto wa watu akinyonyeshwa na mimi, wanangu wote wamekuwa ndugu zake, mkubwa na mdogo. Kwetu Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, tunasema iwe imefika mara tano, kila mara ya kujitegemea, na mtoto awe hajatimiza miaka miwili.

Nimeyaona haya kwa macho yangu, siwataji wahusika. Nguo za harusi zilikuwa zimeshashonwa. Bibi mmoja alikuja kusaidia kutwanga viungo, akauliza bwana harusi ni mtoto wa nani, akaambiwa. Akaweka mchi chini. Hakupiga kelele. Alikaa kimya mpaka watu wakaanza kumtazama. Hakuna aliyekosa katika jambo lile, na hilo ndilo lililokuwa zito: kwenye zinaa ya baba yupo wa kumlaumu, lakini hapa mwanamke alimsaidia mtoto wa mwenzake asife njaa.

Dada wa Maabara
Bi Mkubwa nimesisimka. Na hili hakuna kipimo cha maabara kitakacholionyesha.

Mama Tunu
Bi Mkubwa shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara nne. Kweli nimekulia mambo hayo na sikuyafikiria, nilikuwa naangalia simulizi za wenzangu badala ya kuangalia kwetu.

Ila nina shida. Sehemu 18 zimeshakwenda kwa wasomaji, siwezi kurudi kupanda mbegu. Nikitoa habari ya kunyonya ghafla sehemu ya 19, haitakuwa sawa na yule mama wa kuanguka?

Mzee Kitabu
Itakuwa sawa, ndiyo, kama haina mzizi. Rudi usome zote 18 kwa jicho la mtu mwingine. Mwandishi huwa anaacha vitu njiani bila kujua. Tafuta chochote kuhusu siku Salha alipozaliwa.

Katekista
Wakati anatafuta, nami nichangie kwa upande wetu, huenda ikafaa simulizi ijayo. Naomba tuachane na yule mtu anayeingia kanisani dakika ya mwisho na kupiga kelele "ndoa hii haiwezekani!" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, na kanisani kwetu matangazo yanasomwa Jumapili tatu. Mwenye pingamizi ana muda wote huo.

Mimi ndiye nasoma hayo matangazo. Jumapili ya kwanza watu wanageuka kuwatafuta wachumba, wanatabasamu. Jumapili ya pili wameshazoea. Niliwahi kusoma tangazo la pili nikaona mwanamke mmoja, mgeni, amekaa nyuma karibu na mlango, na mtoto wa kama miaka mitatu amelala begani. Hakunyanyuka. Ibada ilipokwisha alikuwa ameshaondoka. Wiki nzima nilijiuliza kama atarudi Jumapili ya tatu, na nadhani bwana harusi alijiuliza zaidi yangu. Hakurudi. Ndoa ikafungwa. Mpaka leo nikimwona yule bwana, ananiangalia kwanza kabla ya kunisalimia.

Konda Mstaafu
Katekista, mwanamke yule kutorudi kumenishika kuliko angerudi na kelele.

Wifi wa Kwanza
Samahanini, mimi nataka Salha na Idrisa waoane. Nimewafuata tangu kile kitumbua. Nafanya kazi ya usiku, nasoma sehemu zako nikiwa kwenye gari la kurudi nyumbani, na wiki hii yote nimekuwa na wasiwasi nao kama ni watu ninaowajua. Tutieni moyo, jamani, si kila mapenzi lazima yaishie kilioni. Kuna wasomaji tunakuja kwenye simulizi kwa sababu huko kwingine yameshatushinda.

Mtoto wa Ngamiani
Wifi yuko sahihi pia. Steringi asipate mateso yote haya halafu akose na mchumba.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mwanangu Wifi, sijasema wasioane. Nimesema mara tano. Ikiwa hakuna mwenye uhakika na hesabu, kwetu katazo halithibiti kwa shaka. Kwa hiyo hadithi yote inabaki kwenye kumbukumbu ya kina mama wawili: alinyonya mara ngapi? Miaka ishirini na kitu imepita. Mmoja anataka kukumbuka, mwingine anaogopa kukumbuka. Ila Mama Tunu, kabla hujaandika hilo kaa na shehe wako akufafanulie, usije ukawapotosha watu kwenye jambo la dini.

Mama Tunu
Wakuu, nimerudi. Nimesoma zote 18 usiku kucha. Mzee Kitabu, Mungu akuweke.

Sehemu ya 6, Salha anamuuliza mama yake kwa nini hana mdogo wake. Mama anamjibu huku anageuza vitumbua: "Kukuzaa wewe tu nilikaa siku kadhaa sijijui. Walikulea wenye wodi." Niliandika mstari ule ili kumwonyesha mama alivyopata taabu, nikapita. Hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza wenye wodi ni akina nani.

Kwa hiyo sehemu ya 19 inakwenda hivi. Mama yake Idrisa anaingia, haanguki. Anamtazama mama yake Salha, anamtazama tena, anasema, "Wewe si yule wa kitanda cha dirishani?" Wanakumbatiana. Wanalia kwa furaha, wanacheka, majirani wanapiga vigelegele kwamba kumbe watu hawa wanajuana zamani, ndoa hii ina baraka. Mama yake Idrisa anamshika Salha mashavu: "Na huyu ndiye yule mtoto! Huyu nimempakata mimi!" Kila mtu anafurahi. Bibi yake Salha peke yake, aliyekaa mkekani karibu na mlango, ameacha kusokota ukili.

Nitaishia hapo.

Dada wa Maabara
Mama Tunu huna huruma na sisi. Mpaka Jumatatu?

Konda Mstaafu
"Nimempakata mimi." Hajasema nimemnyonyesha. Nimeliona hilo.

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Vizuri sana mwanangu. Sasa nijibu swali moja, maana hesabu inategemea hapo, na wodini kina mama walikuwa wanapokezana watoto wa wagonjwa. Sehemu ya 6 uliandika mama yake Salha alikuwa hajijui siku ngapi?

Mama Tunu
Siku kadhaa, Bi Mkubwa. Sikutaja idadi.